Opali, Jiwe Lililozaliwa na Maji

Asubuhi ya mvua hapa Igowole, ukungu ukiisha kupanda juu ya mashamba ya chai, mpita njia huweza kuona kidimbwi kilichodondokewa na mafuta ya gari. Juu ya maji yale machafu huonekana rangi nyekundu, kijani na buluu, nazo hugeuka kila atazamapo kwa upande mwingine. Wanafunzi wetu hutuuliza: rangi hizi zatoka wapi, nasi tukiyachota maji hatuzioni mkononi? Leo tutalijibu swali hilo kwa kueleza habari za kito kimoja kiitwacho opali, ambacho nacho huchezesha rangi.

Opali si ndugu wa almasi. Almasi hufanyika chini sana ya ardhi, penye joto kuu. Opali hufanyika karibu na uso wa nchi, kwa kazi ya maji. Asili yake ni silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga mweupe na katika gumegume. Maji yapenyapo katika mwamba au katika majivu ya mlima wa moto huiyeyusha silika kidogo kidogo, huichukua mpaka katika nyufa na matundu, na yapungukapo huiacha ikiganda kama uji uliopoa. Mwisho huwa jiwe. Lakini maji hayatoki yote: katika sehemu 100 za uzito wa opali, kwa kawaida 3 hadi 10 ni maji. Kwa hiyo huweza kupasuka likikaushwa ghafula, wala si gumu sana. Mchanga wa njiani waweza kulikwaruza.

Siri ya rangi zake ilikaa muda mrefu bila kufumbuliwa. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Australia waliitazama opali kwa hadubini ya elektroni, wakaona kwamba imejengwa kwa tufe ndogo mno za silika, zilizopangwa safu juu ya safu kama machungwa mezani sokoni. Katika urefu wa milimita moja tufe kama 4,000 zaweza kukaa. Nuru ipitapo kati ya safu hizo hugawanyika: tufe kubwa hutoa hata nyekundu, ndogo hutoa buluu. Tufe zikiwa zimevurugika, rangi hazichezi kabisa. Basi uzuri wa jiwe hili ni utaratibu wake.

Watu wa kale hawakuyajua hayo, lakini walilipenda. Plinius, mwandishi wa Roma, ameeleza habari za mzee wa baraza jina lake Nonius, aliyekuwa na pete ya opali. Marcus Antonius, mtu mwenye nguvu nyingi wakati ule, aliitamani. Nonius akaona heri kukimbia na kuacha mali yake yote, akaichukua pete ile peke yake. Plinius mwenyewe alikufa mwaka 79 baada ya Kristo, mlima wa moto wa Vesuvius ulipolipuka.

Baadaye jiwe hili lilisingiziwa. Mwaka 1829 Walter Scott wa Scotland alitoa hadithi ambamo opali ya mwanamke mmoja yadondokewa na maji ya baraka, yapoteza rangi, na mwenyewe afa. Ilikuwa hadithi tu, lakini watu wengi wa Ulaya wakaanza kusema kwamba opali ina kisirani. Malkia Victoria hakuyajali maneno hayo, akawapa binti zake opali.

Sasa tusikie jambo la ajabu. Mwaka 2008 opali nyingi zilionekana karibu na Wegel Tena, katika nchi ya Wollo, kaskazini ya Ethiopia, ambayo wazee wetu waliiita Uhabeshi. Ni nchi ya juu yenye baridi kama yetu, na watu wake ni wakulima. Tabaka lenye opali ni jembamba, halifiki mita moja, nalo limebanwa kati ya miamba ya milima ya moto ya zamani sana, ya miaka kama milioni 30. Wanakijiji hulifuata ndani ya magenge kwa sururu na nyundo, wakichimba mashimo ambayo huweza kuwaangukia. Na opali zao nyingi, zikitiwa majini, huyanywa maji na kupoteza rangi. Zikikauka, rangi hurudi! Yaliyotiwa hofu katika hadithi ya 1829 ni tabia ya jiwe tu, wala si laana.

Haya si mambo ya kuchekesha. Asiyeijua tabia hiyo aweza kuliosha jiwe jema, akaliona limefifia, akaliuza kwa bei ya kokoto. Wengi wa wachimbaji huuza mawe yasiyochongwa. Mengi huchongwa Jaipur, huko India, na faida ya uchongaji hubaki huko.

Kwetu Tanzania, Haneti, kaskazini ya Dodoma, hutoa opali ya kijani. Hiyo haichezi rangi. Ukijani wake watokana na nikeli. Nasi wa nyanda za kusini tuna Mlima Rungwe na majivu yake ya kale. Lakini majivu peke yake hayatoshi. Hutakiwa maji, nafasi, utulivu na miaka mingi. Kwa hiyo kijana asiliache shamba la babaye kwa ajili ya kokoto ing'aayo. Na akiokota jiwe asilolijua, asilitupe wala asiliuze siku ile. Alipeleke kwa mjuzi wa madini, aulize. Nonius alikijua kito chake, wala hakuna aliyeweza kumdanganya.