Je, Kelele Zina Historia? Gitaa na Kanda Nchini Japani tangu 1967

Katika semina yetu mwenzetu mmoja alidai kwamba muziki wa kelele wa Japani hauna historia, kwa kuwa hauna maneno wala mdundo wa kushika. Nilimpinga papo hapo, na jibu langu lilikuwa la haraka mno. Nalirekebisha hapa.

Nilitaja kundi la Les Rallizes Dénudés, lililoundwa mwaka 1967 na Takashi Mizutani akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Doshisha, Kyoto, vyuo vya Japani vikielekea kwenye migomo. Tarehe 31 Machi 1970, Moriaki Wakabayashi, mpiga besi wake wa mwanzo, alikuwa miongoni mwa vijana tisa wa Jeshi Jekundu walioteka ndege ya Japan Airlines na kuipeleka Korea Kaskazini. Kwangu hilo lilitosha: kelele zile ni siasa.

Nilikosea. Kitendo cha mpiga besi ni ushahidi juu ya mpiga besi. Mizutani hakupanda ndege ile. Alibaki na gitaa, akaendelea na wimbo wa besi moja isiyobadilika, huku sauti ya spika ikirudi ndani ya gitaa na kugeuka yowe.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye kanda. Mizutani hakupenda studio, na albamu zake rasmi za kwanza zilitoka mwaka 1991, tatu kwa mpigo. Kabla ya hapo wapenzi wake walinakiliana kanda za maonyesho. Masami Akita, aliyeanzisha Merzbow mjini Tokyo mwaka 1979, aliifanya njia hiyo kuwa kazi yake: alirekodi kelele tupu mwenyewe na kuzituma kwa posta katika kaseti. Jina alilitoa kwa Kurt Schwitters, Mjerumani aliyeunda sanaa kwa vitu vilivyotupwa. Mwaka 1984 Jojo Hiroshige wa kundi la Hijokaidan alianzisha Alchemy Records, Osaka, bila kungoja kampuni kubwa. Ninachokiona kikiwaunganisha watu hawa ni nani anayeshika kinasa sauti, kuliko kaulimbiu yoyote ya mgomo.

Hata hivyo mwenzetu amebaki na swali moja gumu. Kila kanda inaponakiliwa huongeza mvumo wake. Basi katika nakala za kale za Mizutani, yowe lipi ni la gitaa, na lipi ni la kanda?