Hedi ya Noah na Karakana za Pamba

Gari likitoka gereji Nyakato, likafika Usagara limeshaanza kuchemsha, lawama huwa moja tu: vijana wa siku hizi hawajui kazi, wanalipua. Mimi ni fundi magari hapa Mwanza tangu 1969, na lawama hiyo naikataa. Kulipua kazi kuna historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo nimeiona kwa macho yangu.

Ufundi wa mitambo katika ziwa letu ulitangulia kwenye meli. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, stima zililetwa vipande vipande kutoka Uingereza zikaungwa ufukweni, na mpaka reli ya Tabora ilipotufikia mwaka 1928, mizigo mingi ya Mwanza ilipita Kisumu kwa maji. Kisha pamba ikaja na jineri zake, mitambo ya kutenganisha nyuzi na mbegu. Jineri haiendi bila injini, na injini haiendi bila karakana. Mafundi wa mwanzo walikuwa Wahindi na Masingasinga. Vijana wa Kisukuma waliingia kwa kubeba spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ndilo lililompa jina kiongozi wake Paul Bomani, na jineri zikaanza kuingia mikononi mwa wakulima wenyewe. Mwaka 1968 shughuli za shirikisho zikachukuliwa na Chama cha Ushirika cha Nyanza.

Nilijifunza kazi katika karakana ya ushirika, kwenye malori ya pamba, Bedford nyingi na Land Rover za mabwana shamba. Pale kila gari lilikuwa na kadi yake ya kazi: limekuja na ubovu gani, nani kafungua, nani kafunga. Spana ya torki ilikaa kwenye kabati lenye kufuli, ukiichukua unasaini. Boliti za hedi zilikazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua, msimamizi kasimama nyuma yako. Gari likirudi na ubovu uleule, kadi ilitolewa na mwenye saini aliitwa. Hakuna aliyepiga kelele. Ulilifungua tena mbele ya wenzako, na hiyo ilitosha.

Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa. Mwaka uliofuata Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ikavunjika, na 1978 vita vya Kagera vikaanza. Malori ya watu binafsi na ya mashirika yakachukuliwa kupeleka askari na chakula. Baada ya hapo fedha za kigeni hazikuwepo. Ukitaka gasket ya hedi uliandika barua, ukasubiri, ukaandika tena. Mafundi wengi tulikuwa tumeshatawanyika, tunafanya kazi chini ya miti.

Wasiokuwepo miaka ile hawajui tulivyohangaika. Bushi za springi tulichonga kwenye tairi kuukuu. Gasket ya sampu tulikata kwa boksi. Gasket ya hedi iliyokwishatumika tuliinyoosha, tukaipaka rangi ya silva, ikarudi kazini. Themostati ikikwama tuliitoa tukaitupa, maana hapakuwa na nyingine. Na malori yalitembea! Yalitembea kwa sababu injini zile zilikuwa chuma kizito, hedi na bloku, zilivumilia joto na zilivumilia sisi. Peugeot 404 ndiyo iliyokuwa ikitusumbua, kwa kuwa hedi yake ilikuwa alumini, na ingetupasa tujiulize mapema kwa nini.

Kwa vijana waliojifunza chini ya miti ile, hizi hazikuwa njia za dharura. Kwao ndizo zilikuwa ufundi wenyewe. Spana ya torki hawakuiona. Walifundishwa kukaza mpaka mkono ukubali.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa kazipata wapi. Baadaye magari yaliyotumika Japani yakamiminika, na Mwanza ya viwanda vya minofu ya sangara ikawa na wateja. Toyota Corolla, Hiace, halafu Noah. Karibu yote yana hedi za alumini. Hedi ya namna hiyo ikichemka vizuri mara moja, inapinda.

Mwaka jana alinijia mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, na Noah yake ikivutwa kwa kamba.

"Shikamoo mzee. Waliniambia gasket, nikalipia gasket. Sasa wananiambia injini imekufa, nitafute nyingine."

Nilichomoa kijiti cha kupimia oili: rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia. Nilifungua hedi, nikaisafisha, nikailaza kwenye meza na kumwita mama asogee. Nikaweka rula ya chuma kutoka kona hadi kona, nikasukuma majani ya fila geji chini yake. Kwa hedi kama hizi kikomo ni milimita 0.05. Jani la 0.15 lilipita kati ya silinda ya pili na ya tatu bila kugusa popote. Gasket ilikuwa mpya kabisa, imepakwa silikoni nyekundu pande zote. Nyumba ya themostati ilikuwa tupu, na ndani ya rejeta kulikuwa na maji ya bomba yenye kutu.

Nilimwomba mama ampigie simu fundi wake. Alikuja jioni, kijana mwenye adabu, akasalimia kwa Kisukuma. Nilimuuliza kuhusu themostati.

"Mzee, nilifundishwa kuitoa. Nchi yetu ni ya joto."

Hakuwa tapeli. Alikuwa anarudia dawa ya Bedford kwenye injini ya Toyota. Katika injini ile, themostati ikiwa wazi kabisa huziba pia njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita rejeta, na gari linachemka zaidi. Nilimchorea kwenye sakafu kwa chaki. Aliinama akatazama mchoro muda mrefu, kisha akauliza maswali mazuri.

Tulikubaliana hivi: kijana akalipia kukereza hedi kwa mwenye mashine Nyakato, na kazi ya kufunga akaifanya yeye mwenyewe, bure, mimi nikiwa pembeni na spana ya torki. Mama akanunua gasket, boliti mpya, themostati na kulanti. Injini nyingine ingemla mtaji wake wa dagaa.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ilianzishwa kwa sheria ya 1994 na inafundisha vipimo hivi vizuri. Ila spana ya torki ya maana ni ghali kwa gereji ya mtaani, na msimamizi wa kusimama nyuma ya fundi hayupo tena. Kadi ya kazi ndiyo isiyo na gharama. Ukurasa wa daftari unatosha: ubovu uliokuja nao, kilichopimwa, kilichobadilishwa, nani kakaza na kwa torki gani. Kijana yule ameanza kuandika. Mwezi wa nne mama alimpelekea Noah kwa ajili ya breki, na kabla ya kutoa hela alidai karatasi yake kwanza.