Noble Johnson na Sinema Zisizo na Sauti

Zamani picha za sinema hazikuwa na sauti. Watu walionekana wakienda na kusema, lakini maneno yao yaliandikwa juu ya kitambaa, na mpiga kinanda aliwapigia watazamaji muziki. Katika siku hizo alikuwapo Marekani mchezaji mweusi, jina lake Noble Johnson, ambaye habari zake zafaa kukumbukwa.

Alizaliwa mwaka 1881 katika jimbo la Missouri, akalelewa Colorado Springs, ambako baba yake alikuwa mfunza farasi. Kijana akajifunza kazi ile vema. Siku moja wapiga picha wa kampuni ya Lubin walifika Colorado, na mchezaji wao mmoja akaumia. Noble akachukuliwa mahali pake, maana alimjua farasi kama ajuavyo mkono wake. Hivyo ndivyo alivyoingia katika kazi ya sinema.

Mwaka 1915 ilitolewa picha iitwayo The Birth of a Nation. Ndani yake Wazungu waliojipaka masizi usoni waliwaigiza watu weusi kama wajinga na wahalifu. Picha hiyo ilipendwa na wengi, na watu weusi wakaona uchungu mkubwa. Wengine waliandamana, wengine wakaandika magazetini. Noble alichagua njia nyingine. Mwaka 1916, yeye na ndugu yake George, aliyekuwa karani wa posta mjini Omaha, pamoja na wenzao wachache, walianzisha kampuni yao ya sinema, wakaiita Lincoln.

Picha yao ya kwanza ilieleza habari za kijana mweusi aliyesoma chuo cha Tuskegee. Alikwenda California kutafuta kazi, akakataliwa kwa ajili ya rangi yake. Baadaye alimwokoa binti wa tajiri, akapewa kazi katika visima vya mafuta. Mwisho akagundua mafuta katika shamba la baba yake mwenyewe. Picha ya pili ilihusu askari weusi waliopigana Carrizal, Mexico, mwaka 1916. Picha hizo zilionyeshwa hata makanisani na mashuleni, na watu walifurahi kuona mtu wa rangi yao akiwa na heshima.

Lakini kampuni haikuwa na fedha nyingi. Noble aliendelea kuchezea kampuni kubwa ya Universal, na mshahara wake ukasaidia Lincoln. Basi ikawa hivi: watu weusi walipoona tangazo lenye uso wake, waliiacha picha ya Universal wakaenda kutazama ile ya Lincoln. Wakubwa wa Universal hawakupendezwa. Wakamtaka achague, na mwaka 1918 Noble akajiuzulu Lincoln. Wahenga walisema, mshika mbili moja humponyoka. Tusiharakishe kumlaumu, maana mtu aliyeshikwa hivyo na mwajiri wake hana nafasi kubwa ya kugeuka.

Toka hapo alicheza sehemu ndogo ndogo katika picha nyingi sana. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kunde, na picha za siku zile hazikuonyesha rangi. Basi aliweza kufanywa mtu wa taifa lolote. Mwaka 1921 alikuwa mmoja wa wapanda farasi wanne wa kitabu cha Ufunuo. Mwaka 1922 alikuwa Ijumaa, mtumishi wa Robinson Crusoe. Mwaka 1923 alionekana katika picha ya Amri Kumi, na mwaka 1924 akawa mwana wa mfalme wa India. Mtu wa kila taifa alikuwa, ila mara chache tu aliruhusiwa kuwa mtu wa taifa lake.

Lincoln ilitoa picha yake ya mwisho mwaka 1921, kisha ikafungwa kwa kukosa fedha. Noble alifariki mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 96. Picha za Lincoln karibu zote zimepotea. Za ile ya mwisho zimebaki dakika chache tu. Lakini George, yule karani wa posta, alikuwa ametunza barua, matangazo na hesabu zote, na leo zimehifadhiwa katika chuo kikuu kimoja huko Los Angeles. Kwa karatasi hizo twajua mambo haya.

Basi sisi tuliojaliwa kusoma na kuandika, yatupasa kuzitunza habari za watu wetu. Tusipoziandika sisi, wengine watatuchora wapendavyo.