Mlinzi Aliyefungua Mikono

Jumapili ya tarehe 26 Novemba 2006, mjini Nashville katika jimbo la Tennessee, New York Giants, timu ya mpira wa Kimarekani, waliingia robo ya nne wakiongoza 21–0. Robo hiyo ikawageuka. Zikiwa zimebaki dakika chache, wenyeji wao Tennessee Titans walikuwa wamefikisha 14, ila walikuwa na jaribio moja tu la kuokoa mchezo. Kwotabeki wao, Vince Young, alirudi nyuma akitafuta wa kumrushia mpira. Mlinzi wa Giants, kijana wa miaka 23, Mathias Kiwanuka, akamfikia, akamzungushia mikono, kisha akamwachia.

Young alikimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, wakanasa mpira uliorushwa ovyo na Eli Manning wa Giants, na sekunde 6 kabla ya mwisho wakapiga mkwaju ulioipa timu yao ushindi wa 24–21. Kesho yake Kiwanuka alikuwa gumzo la New York.

Kwetu Igowole, Tanzania, kwenye barabara ya kutoka Nyololo kwenda Kibao na Mgololo, ukisema mpira watu wanaelewa ule wa miguu, kwa hiyo sheria zinahitaji maelezo kidogo. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. Ikishindwa, kwa kawaida wapinzani wanauchukua. Anayerusha mpira ni kwotabeki. Mlinzi akimwangusha kabla hajaurusha, jaribio limekufa. Akimwangusha mpira ukiwa umeshamtoka mkononi na kitambo kimepita, timu ya mlinzi inaadhibiwa yadi 15 na wapinzani wanaanza kuhesabu majaribio upya. Kiwanuka alisema baadaye kwamba alidhani Young amesharusha. Katika jaribio la mwisho, adhabu kama hiyo ingekuwa msiba. Alikosea kuona. Alichokiogopa, hata hivyo, kilikuwa cha kweli.

Jina lake ni la Uganda. Babu yake, Benedicto Kiwanuka wa chama cha Democratic Party, alishinda uchaguzi wa Machi 1961, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopata serikali ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Mwezi uliofuata alishindwa uchaguzini na Milton Obote akashika nafasi. Obote alimfunga mwaka 1969. Idi Amin alipompindua Obote mwaka 1971 alimfungua na kumfanya Jaji Mkuu. Tarehe 21 Septemba 1972, siku nne baada ya wafuasi wa Obote kuvuka mpaka kutoka Tanzania, askari walimkamata Mahakama Kuu, Kampala. Aliuawa. Mjukuu alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, akacheza Chuo cha Boston, na katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2006 Giants wakamchukua kama chaguo la 32, la mwisho katika raundi ya kwanza. Habari ya babu haimpunguzii mjukuu kosa la Nashville, ingawa watangazaji wa Marekani waliipenda sana.

Mlinzi wa mbele aliyechaguliwa raundi ya kwanza hupimwa kwa idadi ya kwotabeki aliowaangusha, na hapo ndipo lawama ziliposhika mizizi. Lakini mwaka 2007 Giants walimwondoa safu ya kwanza, ambayo kazi yake ni kumvamia kwotabeki, wakamweka safu ya pili, awe lainibeka. Mtu huyu husimama nyuma ya wenzake, asome mchezo, azibe pengo, amfuate mkimbiaji, mara nyingine amkabe mpokeaji. Ni kama namba sita wetu wa mpira wa miguu: siku anayofanya kazi vizuri watazamaji wanamsifu mshambuliaji. Katika nafasi hiyo mpya, tarehe 30 Septemba 2007, Giants walipomwangusha kwotabeki wa Philadelphia Eagles mara 12, Kiwanuka peke yake alifanya hivyo mara 3. Usiku ule alisahaulika kwa sababu mwenzake Osi Umenyiora aliangusha mara 6.

Novemba mwaka huohuo alivunjika mfupa wa mguu mjini Detroit, na fainali ambayo Giants waliwafunga New England Patriots 17–14 hakuicheza. Mwaka 2008 Umenyiora alipoumia kabla ya ligi kuanza, Kiwanuka alirudishwa mbele na kuangusha mara 8, idadi yake kubwa kuliko zote.

Ukiniuliza, msimu wa kumlaumu ni 2009. Hakuwa na jeraha la kusingizia, alikuwa safu ya kwanza aliyoizoea, na aliangusha mara 3 tu katika msimu ambao Giants waliruhusu pointi 427 kwa mechi 16. Ulinzi mzima ulikuwa mbovu, lakini yeye naye hakutofautiana na wenzake. Ajabu ni kwamba msimu huo hautajwi sana. Watu wanakumbuka sekunde moja ya Nashville kwa sababu ina picha. Mwaka 2010 alianza kwa kuangusha mara 4 katika mechi tatu, halafu jeraha la shingo likamtoa kwa msimu wote uliobaki.

Mwaka 2011 alirudi safu ya pili. Hesabu inasema mara 3.5 (nusu huandikwa wawili wanapoangusha pamoja), na anayesoma tarakimu hiyo pekee atamwita mzigo. Ila tarehe 5 Februari 2012 Giants waliwafunga tena Patriots, 21–17, katika fainali iliyochezwa Indianapolis, mji aliozaliwa, na safari hii Kiwanuka alikuwa uwanjani. Aliachwa na klabu Machi 2015 baada ya misimu 9, akiwa na jumla ya 38.5. Kwa mlinzi aliyehamishwa safu mara kadhaa, mimi naiona jumla ya mchezaji wa kati, anayefaa, aliyechaguliwa kwa matumaini makubwa kuliko uwezo wake.