Utepe wa chuma uliosubiri karibu miaka 40

Bandugu, mimi nilisoma agronomia, sikusoma ufundi wa mbao. Lakini ukisoma miti miaka yote ya lisansi, siku moja utajiuliza: mti ukiisha kuanguka, unaenda wapi? Mu Likasi, mingi inaenda kwenye makala. Ile inayopata bahati ya kuwa mlango au kitanda inapita mu mashini, na moja kati ya hizo ni msumeno wa utepe: magurudumu mawili, na utepe wa chuma wenye meno unaozunguka juu yake.

Historia yake ni fupi. Mu 1808 Mwingereza William Newberry alipata hati ya uvumbuzi wa mashini hiyo. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilikaa karibu miaka 40 bila faida. Juu ya nini? Juu ya utepe. Kila mzunguko unapinda kwenye gurudumu la kwanza, unanyooka, unapinda tena kwenye la pili. Pale ncha zake mbili zilipounganishwa, ulikuwa unakatika. Mu 1846, mwanamke wa Ufaransa, Anne Pauline Crépin, njo alipata njia ya kuziunganisha vizuri. Haki zake zilinunuliwa na kampuni ya A. Perin ya Paris, ambayo ilitumia chuma bora zaidi, na mashini ikaenea. Magurudumu yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni utepe.

Hata leo iko vile. Mu atelie moja ya Kikula niliona utepe mmoja ukifanya kila kazi: kupasua gogo, kukata mguu wa kiti uliopinda, hata ubao mwembamba. Mbao zilitoka zimeungua pembeni, na lawama zote zilienda kwa mti.

Bafundi wenye uzoefu banaangalia mambo matatu.

Upana: kwa kupasua moja kwa moja, utepe mpana, juu haupotei mstari. Kwa kupinda, utepe mwembamba. Ule wa mm 6 unaweza kufuata duara la nusu kipenyo cha mm 16 hivi, lakini ule wa mm 12 unahitaji karibu mm 64. Ukiulazimisha, unajisokota na kuchoma mbao.

Meno: gogo nene linataka meno makubwa na machache, kama 3 kwa inchi, juu nafasi kati ya meno njo inatoa unga nje. Ikijaa, joto linapanda. Ubao mwembamba unataka mengi zaidi, ili walau meno 3 yawe ndani ya mbao wakati wote. Kwa ubao wa mm 12, ni meno 6 au 7 kwa inchi.

Unene: usizidi sehemu 1 kwa 1000 ya kipenyo cha gurudumu. Gurudumu la mm 600 linataka utepe wa mm 0.6. Ukizidisha, unarudi kwenye taabu ya Newberry: utepe unachoka kwa kupindwa, unakatika.

Sasa hesabu ya mtu wa agronomia. Pasua gogo mara 10 kwa msumeno wa duara unaokula mm 5 kila mara: mm 50 zinakuwa unga. Utepe unaokula mm 2 unapoteza mm 20 tu. Zile mm 30 zilizobaki ni ubao mzima wa mm 25. Na kama ni mulombwa, ubao ule ulichukua miaka mingi kuliko maisha ya kazi ya fundi mwenyewe.

Pori letu la miombo limelipa sana. Union Minière ilianzishwa mu 1906, reli ikafika Kambove mu 1913, na migodi pamoja na miji yake ilitaka kuni na mbao. Makala yangali yanaendelea kula pori. Kwa hiyo, bandugu, kesho kooperative ikikuita uishauri kununua mashini, usianze na nguvu ya mota. Uliza watapasua nini, miti gani, unene gani. Halafu chagueni utepe. Kupanda miti ni kazi yetu, lakini kulinda ile iliyoisha kukomaa ni kazi yetu vilevile.