Waliotuandika na Waliojiandika: Maandishi ya Kweli Mkoani Tanga

Shuleni tunafundishwa kwamba fasihi andishi ni riwaya, tamthilia, hadithi fupi na ushairi. Tarihi, habari za safari, wasifu, tawasifu na insha huachwa pembeni, kana kwamba anayeandika yaliyotokea hana sanaa wala hoja. Historia ya Tanga inaukataa mgawanyo huo.

Kutoka Pongwe barabara inaelekea Muheza, na huko ndiko iliko Magila, ambako wamisionari wa UMCA walichapa *Habari za Wakilindi* ya Abdallah bin Hemedi. Hiyo ni tarihi: inasimulia jinsi ukoo mmoja ulivyojipatia enzi Usambara na jinsi enzi hiyo ilivyogawanyika. Ndani yake simulizi za wazee zimechanganyika na mambo ya zama za mwandishi mwenyewe, hivyo msomaji hana budi kupima.

Ukirudi Tanga mjini unakutana na Martin Kayamba, karani wa serikali. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge kuhusu pendekezo la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliporejea aliandika *Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza*. Wazungu walikuwa wamezoea kusafiri na kutuandika. Safari hii mtawaliwa alimtazama mtawala kwao.

Kusini mwa mji, Machui, alizaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Katika *Wasifu wa Siti binti Saad* alimpa mwanamke aliyewahi kuuza vyungu heshima iliyozoeleka kutolewa kwa masultani. Katika *Maisha Yangu* alijiandika mwenyewe, na katika *Kielezo cha Insha* akaonyesha namna ya kujenga hoja.

Basi kila aina ina swali lake. Tarihi huuliza nani alitawala na kwa njia gani. Safari, wengine wanaonekanaje kwa macho yetu. Wasifu, nani anastahili kukumbukwa. Tawasifu, nani ana haki ya kunisemea. Insha, tufikiri nini juu ya hayo yote.

Je, wakata mkonge waliobeba uchumi wa mkoa huu, na wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha Pongwe, watajulikana kwa hesabu za uzalishaji peke yake? Vyuo vyetu viwatume wanafunzi kwa wazee hao wangali hai, wawasikilize na waandike. Asiyejiandika huandikwa na mwenye kalamu, naye mwenye kalamu huwa na maslahi yake.