"Malaika" na Muziki wa Kufokafoka: Suala la Mwenye Wimbo

Katika vijiji vya milima ya Taita, Wusi kikiwamo, jina Mdawida halihitaji kufasiriwa: maana yake ni Mtaita. Ndilo jina la Fadhili William Mdawida (1938–2001), mzaliwa wa Taita, aliyerekodi "Malaika" mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata hivyo, suala la mtunzi wa wimbo huo lingali na ubishi. Wako wanaoshikilia kwamba ni Adam Salim wa Tanzania.

Ubishi huu unafaa kukumbukwa kila muziki wa kufokafoka unaposhutumiwa kuwa ni wizi. Mwaka 1991 Saleh Jabir wa Dar es Salaam alitia maneno ya Kiswahili katika mdundo wa "Ice Ice Baby" wa Vanilla Ice, Mmarekani ambaye naye alikuwa ameuchukua mwondoko wa gitaa la besi kutoka "Under Pressure" (1981) ya Queen na David Bowie, tena awali bila kuwataja. Saleh alichukua kwa mchukuaji. Lakini yeye hakuficha kitu, wala asingeweza: hadhira yake iliujua mdundo huo kabla hajafungua kinywa, na utamu wote ulikuwa katika kukisikia Kiswahili mahali palipotarajiwa Kiingereza.

Hardstone wa Nairobi, katika miaka hiyohiyo ya 1990, alikwenda mbali zaidi. Katika "Uhiki" aliunganisha wimbo wa jadi wa Wakikuyu na "Sexual Healing" (1982) ya Marvin Gaye. Msikilizaji anatakiwa kuzitambua matini mbili, moja ya nyanya na moja ya redio. Asiyeijua mojawapo amesikia nusu ya wimbo. Wahakiki huuita mbinu hii mwingilianomatini, ingawa waimbaji wa harusi, ambao hawakuisubiri istilahi hiyo, wamekuwa wakigeuza maneno ya nyimbo zao tangu zamani.

"Malaika" ilipata wafuasi wa namna nyingine. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliitoa mwaka 1965, Boney M mwaka 1981. Hao waliurudia wimbo bila kuujibu, na hivyo swali lililobaki likawa la malipo. Hakuna aliyemjibu yule kijana anayelalamika kwamba hana mali ya kumwolea mpenzi wake. Jibu lililo karibu zaidi, pengine bila kukusudiwa, ni la Hardstone: "uhiki" kwa Kikuyu ni harusi.